Wanyama Tunaokaa Nao Nyumbani: Nani wa Kuogopa?



Somo letu la toleo hili ni juu ya wanyama tunaokaa nao hapa kambini: mbwa, paka, kuku, mbuzi, simbilisi, nguruwe wa majirani, na hata tumbili wa mtu mmoja mmoja. Tunapopita nyumba kwa nyumba, watu wengi hutuuliza juu ya nyoka. Nyoka anatisha, hilo hatukatai. Lakini hakuna anayemfuga nyoka, na kila anayemwona hukimbia au hutafuta fimbo. Mnyama wa kufikiriwa zaidi ni yule tusiyemkimbia: anayelala mlangoni, anayelamba mikono ya watoto, anayemaliza mabaki ya ugali kwenye sahani ile ile.

Mimi ni mhamasishaji wa afya hapa Kinama, Muyinga. Si daktari, wala si mganga wa mifugo. Nilimaliza sekondari Gitega, nikapata mafunzo ya afya ya jamii, na sasa ninazunguka kwenye kartie zetu nikiwa na daftari. Somo hili halikuandikwa ili watu wafukuze wanyama. Mbwa analinda, paka anamaliza panya wanaokula unga wetu, kuku ni pesa ya daftari za shule. Tunataka kila mmoja ajue mnyama wake anaweza kumletea nini, na afanye nini.

MBWA

Tuanze na mbwa, na kwake tutakaa muda mrefu kuliko kwa wengine wote, kwa sababu huyu ndiye anayeweza kuua mtu kwa alama ndogo tu ya jino. Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa; majirani zetu Warundi huuita ibisazi vy'imbwa. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu karibu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila 100 wanaokufa karibu 40 ni watoto wasiofikia miaka 15. Wanyama wengine pia wanaweza kuwa na kichaa, lakini watu karibu wote wanaokufa, 99 kwa 100, waliambukizwa na mbwa.

Virusi vya kichaa vinakaa kwenye mate. Mbwa akiuma, mate yanaingia kwenye kidonda, kisha virusi vinaanza kusafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo huchukua mara nyingi miezi 2 hadi 3. Inaweza kuwa wiki moja, inaweza kufika mwaka. Muda huo wote mtu hajisikii vibaya. Kidonda kimefunga, nyumbani wamesahau. Halafu siku moja anaanza kuhisi kuwashwa pale palipoumwa, homa, kuhangaika, kushindwa kumeza, kuogopa hata maji ya kunywa. Ikifika hapo, hakuna dawa ya kumponya, si Muyinga, si Gitega, si Ulaya. Lakini kabla ya hapo kinga ipo, na si mambo mapya: mwaka 1885 mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi hadi utu uzima.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea muda kati ya kuumwa na dalili ya kwanza. Na hapa ndipo penye shida yetu kubwa: mara nyingi mtoto ameumwa na mzazi hajui.

Sababu si ngumu kuzijua. Mtoto wa miaka 8 anaelewa mambo mawili. Anaelewa kwamba alikatazwa kumchezea yule mbwa. Na anaelewa kwamba akisema, papa atachukua jembe na kumuua mbwa, ambaye ni rafiki yake. Basi anavuta suruali kufunika mguu na kunyamaza. Ukimuuliza juu ya alama, anasema ni mwiba.

Wamama na wapapa, msimpige mtoto aliyeumwa na mbwa, hata kama ni yeye aliyemchokoza. Ukimpiga mmoja, wadogo zake watatu wamejifunza kunyamaza. Mwambieni mapema, kabla hakujatokea kitu, kwamba akiumwa au akikwaruzwa aje aseme, hatapigwa, na mbwa hatauawa siku hiyo. Ahadi hiyo ya pili si ya kumdanganya mtoto. Mbwa anayejulikana anatakiwa abaki hai, afungwe kwenye kamba au kwenye kizimba imara, apewe chakula na maji kutoka mbali, na aangaliwe kwa siku 10. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi huugua na kufa ndani ya siku hizo. Akimaliza siku 10 ni mzima, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na kichaa, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Mbwa aliyeuawa na kutupwa hawezi kutuambia kitu. Lakini usingoje siku 10 ziishe ndipo uende kituoni. Unakwenda siku ile ile. Mbwa anaangaliwa huku wewe unatibiwa.

Sasa juu ya kidonda. Kabla ya kwenda kituo cha afya, osha. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Najua utasema maji ya kambini ni ya foleni, nani atayamwaga dakika 15? Bido moja la lita 20, likimiminwa polepole mtu mwingine akilishika, linatosha dakika hizo zote. Kama hamna saa, hesabuni hadi 60 mara 15. Sabuni yoyote inafaa, hata ile ya kufulia, kwa sababu sabuni inaharibu virusi. Paka maana yake ni kwamba unaosha ndani ya tundu la jino, siyo juu juu ya ngozi. Ukiwa na dawa ya kusafisha vidonda yenye ayodini, paka baada ya kuosha. Usiweke pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri, majani, dawa ya meno, wala jiwe jeusi. Jiwe jeusi wengi wetu tumelijua tangu Kivu na wanaliamini, lakini halivuti virusi. Linavuta muda wako. Usifunge kidonda kwa kubana, na usimwombe mtu akishone kwa haraka.

Kisha kituoni. Mwambie muuguzi waziwazi: mnyama gani, lini, wapi, na kama mbwa anajulikana. Chanjo ya kichaa haikai katika kila kituo, hivyo unaweza kutumwa hospitali. Ukitumwa, nenda. Sindano ya kwanza ni siku hiyo, nyingine siku ya 3 na siku ya 7, na kufuatana na utaratibu wa hospitali inaweza kuwepo nyingine kati ya siku ya 14 na ya 28. Kidonda kirefu, au cha uso, kichwa au mikono, kinaweza kuhitaji pia dawa nyingine inayochomwa ndani ya kidonda chenyewe. Kuna wanaoacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda si ugonjwa. Malizeni. Mama mjamzito anachanjwa, anayenyonyesha anachanjwa, mtoto mchanga anachanjwa.

Wengi wanangoja kuona mbwa mwenye povu anayekimbiakimbia. Huyo yupo, lakini yupo pia wa aina ya pili, na huyo ndiye anayedanganya watu. Anakuwa mpole kupita kawaida, anajificha gizani, taya imelegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza, miguu ya nyuma inayumba. Mwenyewe anadhani mbwa amekwamwa na mfupa, anamfungua kinywa na kuingiza mkono kutafuta huo mfupa. Msifanye hivyo. Mbwa aliyebadilika tabia kwa ghafla, iwe mkali aliyekuwa mpole au mpole aliyekuwa mkali, msimguse. Mjulisheni kiongozi wa kartie na mganga wa mifugo wa komine, yule tunayemwita veterineri. Mbwa mdogo wa miezi mitatu pia anaweza kuwa na kichaa, ingawa ana sura ya kuchekesha.

Watoto wafundishwe namna ya kukaa na mbwa. Asiguswe anapokula, anapolala, anaponyonyesha, wala akiwa amefungwa. Mbwa mgeni akija, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni, mpaka aondoke. Ukianguka, jikunje na funika shingo na masikio. Watoto huumwa usoni na kichwani kuliko sisi kwa sababu kimo chao ni kimo cha kinywa cha mbwa.

Dawa kubwa ya haya yote haichomwi mtu, inachomwa mbwa. Kisiwani Pemba, Zanzibar, walichanja mbwa hadi kichaa kikakoma mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakarudi kuchanja, na mwaka 2018 kikakoma mara ya pili. Kinachotakiwa ni kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Kartie ikiwa na mbwa 20, tunataka 14, siyo watatu wa wale wenye uwezo. Familia niliyokaa kwao nilipokuwa nasoma Gitega ilikuwa na mbwa wawili wa kulinda, na karatasi zao za chanjo ziliwekwa kwenye mfuko mmoja na karatasi za chanjo za watoto. Mwanzoni nilicheka. Sasa nawashauri na ninyi mfanye hivyo, maana karatasi hiyo ikitakiwa, inatakiwa haraka.

Kichaa si jambo pekee. Kuna minyoo. Kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, eneo ilipo kambi ya Kakuma, kuna ugonjwa ambao mtu anaota mifuko ya maji kwenye ini au mapafu, tumbo linavimba hadi apasuliwe. Turkana ilijulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huo, na shirika la AMREF lilifanya huko kazi ya miaka mingi ya kuwatibu wagonjwa na kudhibiti mbwa. Unakuja hivi: mbuzi au kondoo anachinjwa, maini yenye uvimbe yanatupiwa mbwa mabichi, mbwa anapata minyoo, mayai yanatoka na kinyesi chake na kushika manyoya yake, mtoto anamshika na kula bila kunawa. Siku za Noeli na Idi ndizo mbwa wetu wanakula vizuri. Wapeni, lakini chemsheni kwanza. Maini na mapafu yenye uvimbe yafukieni chini sana.

Halafu matekenya, funza wa miguuni, ambao Kirundi kinawaita imvunja. Hawa hawakuwa wa Afrika. Walifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, wakavuka bara zima kwenye miguu ya watu na wanyama, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika pwani ya Zanzibar. Wanazaliana kwenye vumbi kavu, na wanaingia kwenye miguu ya mbwa, nguruwe, mbuzi na panya kama wanavyoingia kwenye yetu. Ukimtibu mtoto vidole huku mbwa mwenye funza analala chini ya kitanda, mtarudi kituoni baada ya wiki chache. Mwagieni sakafu maji kabla ya kufagia, zibeni nyufa kwa udongo, mbwa alale nje kwenye kibanda chake, na mchunguzeni nyayo. Msichimbe funza kwa pini moja watu watatu. Pini hiyo inaweza kuleta pepopunda, na hata virusi vya UKIMWI.

Kuna mzee aliniuliza kama chawa wa mwilini nao wanatoka kwa mbwa. Hapana. Chawa wa nguo ni wa mtu, anatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Homa ya tifasi iliyopita kwenye kambi za Burundi miaka ya 1995 hadi 1997, ikashika watu wengi sana, ilibebwa na chawa huyo. Mbwa hakuwa na kesi katika hilo.

PAKA

Paka ni salama kuliko mbwa, na katika nyumba yenye unga anafanya kazi. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anapata kichaa na kukipitisha, kwa hiyo jino la paka linaoshwa dakika zile zile 15. Meno yake ni membamba kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo huku uchafu umeingia ndani kabisa, na kesho mkono umevimba.

Wamama wajawazito wanatuuliza kama wamfukuze paka. Si lazima. Kuna ugonjwa unaoitwa toksoplasmosi ambao mayai yake hutoka na kinyesi cha paka, na ukimwingia mama kwa mara ya kwanza akiwa na mimba unaweza kudhuru mtoto tumboni. Mayai hayo hayaambukizi saa ile ile. Yanahitaji siku moja au zaidi kukomaa. Basi kinyesi kiondolewe kila siku, na kiondolewe na mtu mwingine. Mama anawe mikono baada ya kulima, aoshe mboga vizuri na asile nyama isiyoiva, kwa sababu ugonjwa huu unapita huko pia. Paka abaki na panya wake. Ushauri huu ni pia kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI.

KUKU

Kuku hang'ati mtu, na ndiyo sababu hakuna anayemwogopa. Mimi nikiulizwa ni mnyama gani anayewasumbua watoto wachanga kila siku, nitamtaja yeye kabla ya mbwa.

Tunalala na kuku ndani kwa sababu ya wezi. Sisemi ni ujinga. Kuku mmoja aliyeibwa ni hasara ya mwezi. Lakini nyumba ni chumba kimoja na shitingi katikati, kuku wanashinda usiku kwenye kona, na asubuhi mtoto anayetambaa anawekwa chini kwenye sakafu ile ile. Huko Zimbabwe watafiti waliwakalisha na kuwaangalia watoto wadogo vijijini kwa saa nyingi, wakiandika kila kilichoingia mdomoni. Wakaona watoto wakila udongo, na wengine wakila mavi ya kuku. Mama hakuwa mchafu, alikuwa anapika. Kinyesi cha kuku kimejaa vijidudu vya kuhara, na mtoto anayehara mara kwa mara hakui vizuri hata akipewa unga wa lishe.

Tengeneza tenga au kizimba kilichoinuliwa juu ya miti, ukiegemeze ukuta wa nyumba upande unaolala, na mlango wake ufungwe kwa waya. Kama bado unaogopa wezi na lazima walale ndani, basi wawe ndani ya tenga lililofunikwa, chini yake kuwe na majivu, na kona hiyo ifagiliwe kabla mtoto hajashushwa mgongoni. Mtoto awe na mkeka wake ambao kuku hawapandi. Kuku waliokufa kwa ugonjwa, hasa wengi kwa pamoja, msiwale wala msiwauze. Wafukieni na mjulishe veterineri.

MBUZI NA NGURUWE

Mbuzi si mkali. Mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018, Burundi ilipatwa kwa mara ya kwanza na sotoka ya mbuzi na kondoo, na Gitega ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Watu waliogopa sana. Ugonjwa ule unaua mbuzi, lakini haumshiki mtu. Homa ya Bonde la Ufa iliyoua ng'ombe katika mikoa mingi ya nchi hii mwaka 2022 ndiyo inayoshika watu, kwa damu ya mnyama mgonjwa na kwa mbu. Kwa hiyo mnyama akitoa mimba, usishike kilichotoka kwa mikono mitupu, usiwape mbwa, fukia. Maziwa chemsha, ya mbuzi na ya ng'ombe, hata kama bibi alikunywa mabichi akaishi miaka 90.

Juu ya nguruwe kuna neno ambalo wengi hawalijui. Karibu nasi huku kaskazini, Kiremba ya Ngozi, watafiti walichunguza watu wenye kifafa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003: wenye kifafa walikutwa na alama za tegu wa nguruwe mwilini mara nyingi zaidi kuliko wasio na kifafa. Kifafa cha namna hii si mapepo wala laana ya ukoo. Tegu ametaga, mayai yake yameingia mwilini, yakafika kwenye ubongo. Na mayai hayo hayatoki kwa nguruwe! Nyama isiyoiva inampa mtu tegu wa tumboni; mayai yanatoka kwenye kinyesi cha huyo mtu, na kupitia mikono isiyonawiwa yanaingia kwa mwingine, hata kwa asiyekula nguruwe kabisa. Ndugu zetu Waislamu nao wanaweza kupata kifafa hicho kwa mikono ya jirani. Hapa mnyama anadhibitiwa kwa choo: watu wote watumie choo, nguruwe afungwe asifike huko, nyama iive hadi ndani.

SIMBILISI, SUNGURA, NJIWA

Hawa ndio ninaopendekeza kwa mtoto anayelilia mnyama wa kucheza naye. Simbilisi haumi mara nyingi, anakula majani na maganda ya ndizi, na hahitaji nafasi. Anaweza kumpa mtoto mapunye, yale madoa ya duara kichwani, ambayo yanatibika. Tatizo ni desturi ya kwetu ya kuwaacha wakimbie jikoni chini ya mafiga. Wapewe sanduku lao. Sungura ni vilevile. Njiwa asikae juu ya mahali mnapohifadhi maji.

WANYAMA WA PORINI

Mtoto wa tumbili ni mzuri kwa mwaka mmoja au miwili. Akikomaa anauma, na anauma usoni na kwenye vidole. Sokwe ni zaidi: akiwa mkubwa ana nguvu kuliko mwanaume yeyote wa kambi hii. Hapa Burundi watu waliwahi kufuga watoto wa sokwe ambao mama zao waliuawa. Kulikuwa na kituo Bujumbura cha kuwapokea, cha taasisi ya Jane Goodall. Vita vilipoanza mwaka 1993, sokwe watatu wa kwanza walihamishwa hadi Ol Pejeta, Kenya, na baadaye wakafuatwa na wengine. Nao walikuwa wakimbizi. Hawakuweza tena kurudi porini, kwa sababu sokwe aliyelelewa na watu hajui kuishi na wenzake. Usinunue, hata ukimwonea huruma. Anayeuza ataenda kutafuta mwingine. Kasuku wa kijivu wa Kongo hana hatari kubwa kwa mtu, isipokuwa ugonjwa wa mapafu mara chache, lakini tangu mwaka 2016 nchi zilikubaliana kukataza biashara ya kuvuka mipaka ya kasuku waliokamatwa porini.

Watu wanauliza juu ya mpox. Burundi ilitangaza mlipuko tarehe 25 Julai 2024, wa aina iliyojulikana kwanza Kamituga, Kivu ya Kusini. Hiyo inapita hasa kati ya mtu na mtu, kwa ngozi kwa ngozi, kwa hiyo msifukuze paka kwa ajili yake. Ila panya wa porini, kindi na tumbili wanaweza kuwa na virusi hivyo. Mwaka 2003 Marekani, watu 47 waliugua kwa sababu ya vinyama vya jamii ya kindi vilivyouzwa kama wanyama wa kucheza nao. Vilikuwa vimewekwa pamoja na panya walioletwa kutoka Ghana. Watoto wasifuge kindi wala panya-buku. Najua kule Morogoro, Tanzania, panya-buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali mwaka 2020. Hao wamezaliwa kituoni na wana walimu wao.

MASWALI TULIYOPOKEA

Mbwa amemlamba mtoto tu, hakumwuma. Je, aende kituoni? Kama ngozi ni nzima, mwoshe, inatosha. Kama amelamba kidonda, jicho au mdomo, mchukue kama aliyeumwa.

Mbwa aliyeniuma ana karatasi ya chanjo. Bado unaosha, bado unakwenda, bado mbwa anaangaliwa siku 10. Chukua hiyo karatasi uende nayo. Itamsaidia muuguzi kuamua.

Ng'ombe wetu aliumwa na mbwa mwenye kichaa, tule nyama kabla hajafa? Hapana. Anayechuna ndiye anayejiweka hatarini kwanza. Mwiteni veterineri.

Niliumwa na mbwa miezi miwili iliyopita nikiwa njiani kwenda sokoni, sikumwambia mtu, na mbwa simjui. Je, nimechelewa? Kama huna dalili yoyote, hujachelewa. Chanjo inaanzishwa hata baada ya miezi. Usingoje toleo lijalo la gazeti hili. Nenda kituoni leo, umwambie muuguzi tarehe unayoikumbuka na umwonyeshe mahali palipoumwa, hata kama pamepona.